Watu si sakafu: kisa cha damu iliyomwagika barabarani Goma

Kazi yangu ni kuzuia maambukizi katika vituo vya afya. Kila ninapofundisha wauguzi wapya na wasafishaji, kisa hiki ndicho ninachoanza nacho, kwa sababu virusi havikumdhuru mtu hata mmoja siku ile. Aliyeumia aliumizwa na sisi tuliokuja kumwokoa. Nimeondoa majina, kartiye (mtaa), tarehe na jina la kituo, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wahusika wasitambuliwe. Mengine nayaeleza kama yalivyokwenda.

## Hali ilivyokuwa

Ulikuwa wakati wa mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo, ule uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kufungwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Kwa karibu mwaka mzima Goma tulikuwa tukisikia habari za Beni na Butembo, miji iliyo kaskazini yetu. Kisha tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa hapa mjini, mtu aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Kisa chetu kilitokea wiki chache baada ya hapo. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawia, kila kizuizi kilikuwa na mtu wa kipimajoto, na harufu ya kloro ilikuwa imezoeleka mjini kama harufu ya makaa.

Msomaji wa mbali ajue mambo mawili kuhusu Goma. Maji ni shida. Tunakaa kando ya ziwa, lakini mitaa mingi maji yake huja kwa bidoni za njano za lita 20, kichwani, kwa baiskeli au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo isiyo na pedali. La pili ni ardhi yenyewe. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, meusi, yenye matundu kama sifongo. Damu ikidondoka juu ya jiwe la namna hiyo huioni, na kitambaa hakiwezi kuifuata ndani ya tundu.

Sampuli ya damu ya mtu anayeshukiwa kuwa na Ebola husafirishwa ndani ya vifungashio vitatu. Kwanza chupa ndogo yenyewe, ya plastiki, iliyofungwa barabara. Kisha kopo lisilovuja, lenye kitu cha kunyonya damu iwapo chupa itapasuka. Halafu sanduku gumu la nje. Fomu ya mgonjwa hukaa nje ya kopo, kwenye mfuko wake. Taratibu hizi zilifundishwa, na vituo vingi vilikuwa na makopo. Kile kituo kilikuwa kimeishiwa.

## Yaliyotokea

Asubuhi ile kituo kimoja kidogo cha afya kilimpokea mwanamume aliyetoka safari ya kaskazini. Alikuwa na homa ya siku mbili na pua ilikuwa ikitoka damu. Muuguzi mkuu alifanya alivyopaswa: alimtenga katika chumba cha peke yake, akavaa kinga, akatoa damu, akapiga simu kuomba gari la kubeba sampuli. Akaambiwa gari halina mafuta, angoje. Alingoja zaidi ya saa mbili. Mgonjwa alikuwa akiuliza majibu, familia imejaa uani, na wauguzi wawili walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona kwamba wataondoka.

Hapo akafanya uamuzi ambao baadaye aliulizwa mara nyingi. Aliifunga chupa ndani ya glavu, akaiweka katika kisanduku cha baridi cha kubebea chanjo pamoja na fomu ya mgonjwa, akamwita motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayemjua. "Peleka hii labo, upesi." Hakumwambia ni nini. Chupa yenyewe ilikuwa ya kioo.

Kwenye kona ya mteremko motari alikutana na chukudu iliyosheheni magunia ya makaa. Chukudu iliyobeba mzigo kwenye mteremko haisimami kwa kupenda kwa mwenyewe. Wote wawili walianguka. Kisanduku kilifunguka, chupa ikapasuka, na damu ikamrukia motari kwenye mkono wa kushoto, palepale alipochunika kwa kuburuzwa juu ya mawe.

Watu watatu walimkimbilia. Wa kwanza ni yule kijana wa chukudu, aliyemwinua. Wa pili ni mama aliyekuwa akikaanga mandazi pembeni. Alifungua kikwembe alichojifunga juu ya nguo akamfuta mkono. Wa tatu ni mwanafunzi wa miaka kama kumi na miwili aliyeokota kisanduku na kukiweka juu ya jiwe, akaendelea na safari yake. Ilikuwa huruma ya kawaida ya barabarani. Nilipomuuliza yule mama baadaye kwa nini hakuogopa damu katika msimu ule, alinijibu, "Ule mtoto ni wa mtu, baba. Ningemuacha?"

Motari ndiye aliyeiona fomu. Aliokota karatasi, akasoma jina la mgonjwa na juu yake maneno ya homa ya kutoka damu, akapiga kelele: "Ni Ebola! Wamenipa Ebola!" Barabara ikafunguka kama maji yaliyomwagwa. Ila mama hakuondoka, maana mafuta yake yalikuwa bado motoni na pesa zake zote ziko pale.

Mtu fulani alipiga simu kwenye kituo kingine cha jirani. Baada ya dakika kama ishirini wakaja vijana watatu wa usafi, wamevaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, mgongoni wana pampu za kunyunyizia zenye kloro ya asilimia 0.5. Hawakusema neno. Walimpulizia motari mwili mzima, wakampulizia mama usoni na kifuani, wakamgeukia kijana wa chukudu. Kijana alipoona zamu yake imefika, alikimbia akaacha chukudu, makaa na kiatu kimoja. Watu waliokuwa wakitazama kwa mbali walianza kurusha mawe. "Batatuua na ile dawa yao!"

Mimi na wenzangu wawili tulifika dakika 35 baada ya ajali. Tulimkuta mama amejifunika macho kwa viganja vyote viwili, anatikisika, mandazi yanaungua ndani ya sufuria na hakuna aliyediriki kuliondoa jikoni.

## Tulichoamua, na kwa nini

Neno la kwanza nililotoa lilikuwa: "Zimeni pampu." Kiongozi wa wale vijana alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa amefundishwa vizuri sana, lakini kusafisha sakafu, vitanda na kuta. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu husafishwa kwa njia nyingine.

Virusi vya Ebola vimevikwa utando wa mafuta. Sabuni ya kawaida, ile ya kufulia ya mche, huuyeyusha utando huo, na kirusi kikipoteza utando kimekwisha. Ndiyo maana ngozi ya mtu inatosha kuoshwa kwa sabuni na maji mengi. Kloro ya asilimia 0.5 ni ya vitu: sakafu, buti, meza, ndoo. Kwa mikono, pale ambapo sabuni haipo, kuna maji mepesi ya asilimia 0.05, yaani mara kumi chini yake. Kwa anayetumia unga wa kloro wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kijiko kikubwa kimoja cha mezani katika lita 2 za maji kinatoa ile kali. Kijiko hicho hicho katika lita 20 kinatoa ile ya mikono. Kukosea ndoo ni kosa la sekunde moja, kwa hiyo kila ndoo iandikwe.

Na kumpulizia mtu kuna madhara zaidi ya kuwasha. Presha ya pampu huirusha damu iliyokuwa kwenye shati ikaenda mdomoni na machoni. Kloro huichubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango. Tena damu yenyewe huila nguvu ya kloro, hivyo yule kijana anayepulizia juu juu anadhani ameua kitu ambacho bado kipo chini ya tone. Mwaka uliofuata, wakati wa Korona, Shirika la Afya Duniani lilikuja kuandika wazi kwamba watu wasipuliziwe dawa kwa hali yoyote, hata ndani ya vibanda maalumu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuliona kwa macho ya mama mmoja.

Tulianza na macho hayo, kabla hata ya damu. Ebola inaweza kungoja dakika kumi na tano. Jicho lenye kloro haliwezi. Mwenzangu alinunua bidoni sita kutoka kwa mwenye baiskeli ya maji, tukamlaza mama kichwa kikiwa upande, tukamwagia maji taratibu kutoka kona ya ndani ya jicho kwenda nje, kila jicho dakika kumi na tano, tukizihesabu kwa saa ya mkononi. Hapo nilijifunza kwamba dakika kumi na tano za maji ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kila baada ya dakika tatu mtu huona imetosha.

Wakati huo huo mwenzangu mwingine alimwosha motari. Kidonda kilichoguswa na damu huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano pia, bila kukikamua, bila kusugua kwa nguvu, bila spiriti wala kloro. Motari alikuwa akisisitiza tumtilie dawa kali. "Docta, choma tu, mimi navumilia." Ilibidi aelezwe mara tatu kwamba kuchoma kidonda ni kukipanua.

Eneo tuliligawa mara tatu kwa kamba ya ile chukudu na mawe: upande mchafu palipodondoka damu, sehemu ya kuoshea, na upande safi palipokaa karatasi zetu na watu waliokwisha kuoshwa. Tulikuwa na vifaa kamili vya kinga vinne tu, kwa hiyo wawili peke yao waliingia, na wote wengine, pamoja na polisi mmoja aliyetaka kusaidia, walibaki nje ya kamba. Hatukuhangaika na upepo, kwa sababu damu si unga. Tuliongeza hatua kadhaa kuzunguka doa lililoonekana, maana kwenye jiwe jeusi doa linaloonekana ni sehemu tu ya lililopo.

Kisha yakaja mavazi. Shati la motari halikuvuliwa kwa kupitishwa kichwani. Tulilikata mbele, tukalikunja upande wa damu ukiwa ndani, likaingia mfuko wa kwanza, kisha wa pili. Kwa mama ilikuwa vigumu zaidi. Alisema wazi hawezi kuvua nguo barabarani mbele ya wanaume, na alikuwa na haki. Tulitaka kumharakisha, nakiri. Aliyetuokoa ni mwanamke mwenye duka la dawa la jirani, ambaye alikuja na turubai na vikwembe viwili safi, akavaa glavu na aproni tukimwelekeza, akamwosha mwenyewe nyuma ya turubai. Ilichukua muda mara mbili ya tulivyopanga, na ndicho kitendo kilichowafanya watu waache kurusha mawe.

Pesa zilitupatia kazi ambayo hakuna mafunzo niliyopata yaliyoitaja. Mauzo ya mama yalikuwa yamefungwa kwenye ncha ya kikwembe kile kile alichomfutia motari. Noti za faranga zilizochakaa, zimelowa kloro, pengine na damu. Kijana mmoja wa usafi alitaka zitupwe pamoja na nguo. Nilikataa. Tulizihesabu kwa glavu mbele ya shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa ule, tukampa mama kiasi kile kile kutoka mifukoni mwetu, na zile noti zikafungwa katika mfuko na kuandikwa, zingoje majibu. Bila hivyo asingeondoka pale, na sisi tusingekuwa na haki ya kumwambia aondoke.

Ardhi ikafuata. Vipande vya kioo viliokotwa kwa makasha mawili ya karatasi ngumu, si kwa vidole. Damu iliyoonekana tuliinyonya kwanza kwa vitambaa, kisha tukamwaga, si kunyunyizia, kloro ya asilimia 0.5 juu ya mawe hadi matundu yakajaa, tukangoja dakika kumi na tano, tukarudia. Pikipiki ilifutwa kwa kloro kisha ikaoshwa kwa maji safi kabla chuma hakijaanza kuliwa. Chukudu tuliifuta mipini na ubao wa mbele, tukaikabidhi kwa shefu wa avenyu. Polisi alitaka ichukuliwe kama kielelezo. Tulimsihi aiache, kwa sababu tulijua jambo moja: mtu anaweza kukimbia daktari, lakini hakimbii chukudu yake. Jioni, giza likiingia, kijana alirudi kuifuata. Alimkuta reko wa mtaa, mhudumu wa afya wa kujitolea, mtu anayemfahamu, akiwa amekaa na ndoo ya maji na mche wa sabuni. Hakukuwa na pampu wala mavazi meupe.

Mwanafunzi alipatikana alasiri kupitia rangi ya sare na walimu wawili waliokuwa makini. Mikono yake ilikuwa imegusa maji ya barafu yaliyoyeyuka ndani ya kisanduku. Je, maji yale yalikuwa na damu? Hatukuweza kujua, tukamwandika.

Uamuzi wa mwisho wa siku ile ulikuwa kuhusu sampuli. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado kituoni, tuliomba damu ichukuliwe upya, safari hii kwa vifungashio vitatu na kwa gari. Mafuta yalipatikana ndani ya nusu saa. Nayataja mafuta haya kwa uchungu, maana yangepatikana asubuhi tusingekuwa na kisa.

## Kungoja

Majibu ya kwanza yalitoka usiku ule ule: hakuna Ebola. Watu wengi walitaka tufunge faili hapo. Lakini mgonjwa alikuwa na siku mbili tu za homa, na mwanzoni virusi vinaweza kuwa vichache kiasi cha mashine kutoviona. Kanuni ni kwamba jibu la hapana lililopatikana kabla ya saa 72 tangu dalili zianze lazima lirudiwe. Kwa hiyo watu wanne waliingia katika siku za kungoja bila kujua wanangoja nini.

Tuliwapanga. Motari alikuwa hatarini zaidi: damu juu ya kidonda kibichi. Mama mwanzoni nilimweka chini yake, kwa kuwa damu iligusa kitambaa na ngozi nzima. Yule mwanamke wa duka la dawa ndiye aliyenirekebisha. Alikuwa ameona vidole vya mama alipokuwa akimwosha: vimejaa malengelenge madogo ya mafuta ya moto, mengine yamepasuka asubuhi ile ile. Ngozi ya mkaanga mandazi si ngozi nzima. Nikampandisha.

Hatukumfungia mtu. Mtu aliyeguswa na Ebola lakini hana dalili hamwambukizi mwenzake, na ugonjwa ukija huja kati ya siku 2 na 21. Kwa hiyo walirudi nyumbani, wakapimwa joto asubuhi na jioni, wakapewa namba ya simu ya kupiga saa yoyote. Chanjo ilikuwepo mjini kwa waliogusana na wagonjwa waliothibitishwa. Kwa hawa tuliandaa majina, ili jibu la pili likigeuka wachanjwe saa ile ile.

Kitabibu siku hizo zilikwenda shwari. Nje ya tiba hazikuwa shwari. Wenzake motari walimkataza kuegesha kwenye parkingi yao. Mwenye nyumba wa mama alimwomba akalale kwingine, na alipokataa aliwakataza wapangaji wengine kutumia choo baada yake. Mwalimu mkuu alimrudisha mwanafunzi nyumbani licha ya maelezo yetu. Nilikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa motari wa eneo lile, mzee mwenye heshima, nikamweleza habari ya dalili na maambukizi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kama si hatari, kwa nini walimpulizia kama mende?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tulikosea. Siku iliyofuata motari aliruhusiwa kuegesha.

Jibu la pili: hapana. Kipimo cha malaria cha mgonjwa kilikuwa kimeonyesha ndiyo tangu siku ya kwanza, akatibiwa, akaenda kwao. Watu wetu wanne waliondolewa kwenye orodha. Noti za mama zilirudi mikononi mwetu zimepauka, mbili hazikupokelewa sokoni.

Macho yake yalibaki mekundu kwa zaidi ya wiki, na kwa siku nne za kwanza hakuweza kukaa karibu na moshi, maana yake hakuweza kufanya kazi. Aliporudi, wateja hawakurudi. Mwishowe alihamia avenyu nyingine.

## Ninavyokisoma kisa hiki

Wengi humlaumu muuguzi mkuu. Alikosea: chupa ya kioo, hakuna kopo, fomu ndani ya kisanduku, na zaidi ya yote kumpa mtu mzigo bila kumwambia ni mzigo gani. Motari angejua, angekwenda polepole, angeshika kisanduku kwa namna nyingine, na baada ya kuanguka angewazuia watu wasimguse. Badala yake alijua kwa kusoma karatasi, barabarani, mbele ya umati, na jina la mgonjwa likasikika mtaani kabla ya saa sita. Lakini muuguzi yule alikuwa peke yake na mgonjwa, familia, gari lisilokuja na makopo yaliyokwisha. Ukimwadhibu yeye na kuacha lile tangi la mafuta tupu, kisanduku kingine kitapanda pikipiki nyingine. Ndivyo nilivyoandika katika ripoti, na sikupendwa kwa sababu hiyo.

Kosa langu mwenyewe ni hili. Nilipofika, kwa kutaka kuutuliza umati, nilisema kwa sauti: "Hakuna hatari, ni kipimo tu." Sikuwa najua. Saa moja baadaye nilikuwa nimevaa kinga kamili nikimwaga kloro juu ya mawe, na kila aliyenisikia aliona kwamba maneno na nguo haviendani. Ningesema: hatujui bado, tunaosha watu kwa tahadhari, majibu yatakuja, tutarudi kuwaambia. Watu wa Goma wameishi na volkano, kipindupindu na vita. Wanaweza kubeba neno "hatujui". Wasichobeba ni kudanganywa.

Kilichofaa kilikuwa kidogo na cha bei rahisi: bidoni sita, sabuni, turubai, mwanamke mmoja jasiri, na chukudu iliyoachwa mahali pake. Ukihesabu gharama, mavazi meupe na pampu tatu vilizidi vyote hivyo mara nyingi, na ndivyo vilivyotupotezea mmoja wa watu wanne kwa nusu siku. Angekuwa ameguswa na Ebola ya kweli na asiwe na chukudu ya kurudia, tungemtafuta hadi wapi?

Huulizwa darasani: na kama kingekuwa kitu kingine? Swali zuri, maana dawa moja haitoshi kwa yote. Mwaka 2001 huko Marekani barua zenye unga wa kimeta ziliwafikia watu maofisini. 22 waliugua na 5 wakafa. Unga wa namna hiyo una mbegu ngumu ambazo sabuni haiziui. Sabuni na maji huziondoa tu mwilini, na hilo ndilo linalotakiwa. Hapo upepo una maana, feni huzimwa, hakuna kukung'uta nguo, mtu hatembei tembei akizisambaza, na kinga kubwa baada ya kuosha ni vidonge vya antibiotiki ambavyo waliovuta unga walipewa kwa siku 60. Kwa kipindupindu, ambacho Goma inakijua tangu kambi za wakimbizi za 1994, kumwosha mtu mwili mzima hakusaidii kitu. Mikono, maji ya kunywa na choo ndiyo kazi. Lakini katika yote matatu hatua za kwanza za mtu hazibadiliki: sogea mbali, vua kilicholowa bila kukipitisha usoni, osha palipochafuka kwa sabuni na maji, hesabiwa. Na katika yote matatu kloro kali haigusi ngozi.

## Kilichobadilika

Vituo tunavyovihudumia sasa vina kifurushi cha ajali ndani ya kila sanduku la sampuli: glavu, mifuko miwili, mche wa sabuni, kitambaa cha kunyonya na karatasi ya kufungia eneo. Dereva au motari hutia saini kwamba ameelezwa anabeba nini. Fomu husafiri nje. Wasafishaji wanafanya mazoezi ya kuosha mtu, kwa zamu, mmoja akiwa mwoshwaji, na dakika kumi na tano za maji zinahesabiwa kwa saa mbele ya wote. Vijana wawili kati ya wale watatu wa pampu ni wakufunzi wazuri sana leo.

Jambo moja halijakaa sawa. Katika bajeti ya dharura kuna mstari wa kloro, wa pampu, wa mavazi ya kinga na wa mafuta ya gari. Mara tatu nimeomba uongezwe mstari wa vitu tunavyowavua na kuwachomea watu: nguo, viatu, mitandio, magodoro. Mara tatu nimejibiwa kwamba itaangaliwa. Motari alinunuliwa shati na wenzake wa parkingi. Kikwembe cha mama bado hakijalipwa.